Jicho Lisilomwona Paka

Mke wangu alilala sakafuni kwenye stoo yangu tangu Jumamosi alasiri mpaka Jumapili mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na aliyeufunga ni mimi. Ukutani, juu ya mlango huo, kulikuwa na mtambo wa kugundua mtu, na mtambo ulikuwa mzima. Nimeanza na hilo ili asije mtu akadhani kuna kitu nakificha. Nimeishia darasa la nne, na kusoma kwenyewe nimekunolea kwenye maandishi ya marobota, lakini jambo langu naweza kulisema mwenyewe bila kumpa mtu aniandikie.

Nilishuka Dar kutoka Kilimanjaro nikiwa na shati moja la kuvaa na moja la kufua. Nilibeba mizigo Kariakoo mpaka bega likaota sugu. Nikauza mitumba Mchikichini, chini, juu ya turubai. Ilipokuja ruksa, wakati ule mali ya nje ilipofunguliwa kwa kila mwenye miguu ya kuifuata, wenzangu walikuwa bado wanaulizana kama ni kweli au ni mtego. Mimi nilishapanda ndege kwenda Dubai. Ile karatasi ya uwanjani sikujua kuijaza, nikampa jirani wa kiti, akanijazia na kuniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa, nikamtajia wa kukisia. Nikarudi na kanga na vitenge. Baada ya muda nilikuwa na duka mtaa wa mbele na stoo mtaa wa nyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisimama mwenyewe. Nilikuwa napenda sana kulisema neno hilo, na watu wa mtaa walishalichoka.

Mke wangu alikaa dukani. Mimi nilishinda stoo, bandarini, na kwenye magari ya mizigo. Nyumba yetu ilikuwa Ilala, mwendo wa miguu tu. Watoto walikuwa shule za bweni, kwa sababu nilisema wangu hawatasoma kwenye marobota.

Sasa nieleze stoo ya nguo ilivyo, maana asiyeijua hataelewa. Ni chumba kimoja kirefu, hakina dirisha, kina matundu ya hewa tu karibu na dari. Marobota yanapangwa kama kuta, na katikati kunabaki vichochoro vya kupita mtu mmoja kwa ubavu. Mtu akiingia kichochoro cha mwisho humwoni na humsikii. Nguo inakula sauti. Unaweza kupiga kelele mle ndani, aliye mlangoni akadhani umekohoa.

Kwa hiyo sisi wenye stoo za nguo tulikuwa na desturi. Kabla ya kufunga, unasimama mlangoni unaita, "Kuna mtu?" Unanyamaza unasikiliza. Unaita tena kwa ukali. Unanyamaza. Mara ya tatu unaita huku unagonga geti kwa kufuli. Unasikiliza tena, na ukikosa jibu ndipo unafunga. Ilikuwa ni kwa ajili ya mchukuzi aliyesinzia juu ya marobota, na kwa ajili ya mwizi anayeingia mchana na wateja, akajibanza humo, akatokea darini giza likiingia. Mke wangu aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Stoo yetu ya kwanza tulikuwa tunaifunga pamoja. Nilipoita alikuwa anacheka.

"Wewe unaita mtu au unafukuza nyani shambani?" alikuwa ananiambia.

"Mwizi aogope."

"Hata asiye mwizi atakimbia, baba."

Halafu wezi wa darini walizidi. Walimwibia jirani yangu wa kushoto, kisha wa kulia. Nikajua zamu inayofuata ni ya nani. Nikaenda Mchafukoge kwa rafiki yangu mmoja, Mhindi, aliyekuwa na duka la redio. Alikuwa Mhindu wa Upanga, mtu mwembamba asiyekula hata yai, miwani yake imeshikwa na waya mguu mmoja. Zamani nilipokuwa natembeza mitumba alikuwa ananiachia nipumzike kwenye baraza yake, na maji ananipa. Sisi wawili tulitaniana kama ndugu. Siku hizo alikuwa ameanza kuleta vitu vipya vya kuzuia wezi, vimejaa kwenye kabati lake la kioo, vingine hata yeye anavisoma kwanza kwenye karatasi ndipo akuelezee.

Akanionyesha kiboksi cheupe, kikubwa kama pakiti mbili za sigara, mbele kina plastiki laini iliyokunjwakunjwa.

"Hili ni jicho," akasema. "Unalipachika ukutani juu. Mtu akipita, king'ora kinalia mtaa mzima."

"Linamjuaje kuwa ni mtu?"

"Halijui. Halioni sura wala nguo. Linaona joto linalotembea. Joto la mwili."

"Na mwizi akiwa wa baridi?"

"Huyo ni maiti, ndugu yangu. Mwache aibe."

Aliniambia pia, sitamsingizia, kwamba kuna majicho mengine huko nje yenye akili zaidi, yanayoweza kutofautisha mtu na mnyama, lakini hayo ni ya mabenki na ofisi za ubalozi. Lile lake lilikuwa la watu wa kawaida. Nikasema nipe la watu wa kawaida, mimi sina ubalozi.

Alikuja mwenyewe kulifunga. Jicho juu ya mlango kwa ndani, likiangalia vichochoro. King'ora nje. Betri kama ya pikipiki, kwa sababu ya mgawo wa umeme. Pembeni ya geti swichi ya ufunguo: unazungusha, unapewa muda wa kutoka, unafunga kufuli zako tatu unaondoka.

Siku ya kwanza king'ora kililia mara nne.

Nilikuwa na paka. Stoo ya nguo isiyo na paka ni ya panya, wewe unalipia pango tu. Paka wangu alikuwa jike wa mistari, mkali, hapendi mtu, kazi yake anaijua. Basi kila alipopita kwenye kichochoro, jicho linaona joto linalotembea, king'ora kinalia mpaka Msimbazi. Natoka nyumbani mbio, nafungua, nakuta paka amekaa juu ya robota ananitazama.

Wiki mbili mtaa ulinifanya mchezo.

"Mzee, leo kabeba robota ngapi?"

"Paka huyu apelekwe mahakamani, ana kesi nyingi."

Mlinzi wa mtaa ule, mtu mzima wa makamo, aliyekuwa analinda milango kumi na kitu kwa rungu moja, akaniambia wazi, "Bosi, nisikudanganye. Kikilia chako mimi siinuki tena. Najua ni paka."

Nikaenda Mchafukoge na hasira zangu.

"Jicho lako halina akili," nikamwambia Mhindi.

"Uliniomba jicho. Akili hukuomba."

"Nifanyeje?"

"Mtoe paka."

"Na panya wataliwa na nani? Wewe, usiyekula yai?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akakaa akafikiri, akaja na mimi stoo. Akapanda ngazi, akanionyesha ile plastiki ya mbele. Ina mistari mistari kwa ulalo, na kila mstari unaangalia mahali pake. Ya juu inaangalia mbali na juu. Ya chini inaangalia sakafuni. Ukiiziba ya chini kwa tepu nyeusi ya umeme, jicho linabaki linaona kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Paka anapita chini yake kama vile hayupo.

"Sasa niambie," akasema akiwa juu ya ngazi, "mtu wako anaanzia wapi?"

Nikaweka kiganja changu kwenye mkanda wa suruali. "Hapa."

"Na mtu akitambaa?"

"Mwizi wa marobota hatambai. Robota halibebwi na anayetambaa."

"Na mtu akianguka?"

"Nani aanguke? Kwangu watu wanasimama."

Hakucheka. Akasema, "Tungoje kidogo, ndugu yangu. Nitaandika barua kwa wale ninaowaagiza, niulize kama lipo la bei hii linalojua paka." Nikamwambia ashuke. Nikapanda mimi. Tepu nilibandika mwenyewe, kwa vidole hivi, nikaikandamiza vizuri isibanduke.

Yeye akashuka akafanya jambo ambalo hakuna tajiri mwingine wa Mchafukoge angelifanya. Alipiga magoti kwenye simenti na suruali yake nyeupe, akaweka na mikono chini, akatambaa kutoka kichochoro cha mwisho mpaka mlangoni. Kwenye jicho kuna kataa kadogo kekundu kanakowaka likiona mtu. Hakakuwaka. Akasimama, kakawaka. Akatambaa tena, hakakuwaka.

"Hongera," akasema akijipangusa magoti. "Nimekuwa paka."

Tulicheka siku ile. Nakumbuka tulicheka sana.

Kuanzia hapo ikawa kimya. Paka anapita, king'ora kimelala. Nikawaambia majirani, mnaona? Mtambo umefundishwa kazi. Nikatembea mtaani kifua mbele kama niliyeutengeneza mimi. Mmoja wa jirani akaja kuniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha, akaenda kununua la kwake na tepu juu.

Na mimi nikaacha kuita. Sikukaa nikaamua. Siku ya kwanza nilisahau tu. Siku ya pili nilikumbuka, nikaona aibu kusimama mlangoni naita chumba kitupu na mtambo upo. Kama kuna mtu, jicho litasema. Nikazungusha ufunguo, nikafunga. Baada ya mwezi ilikuwa kama sijawahi kuita maishani. Mke wangu hakujua, kwa sababu yeye saa za kufunga alikuwa dukani, mtaa wa mbele. Sikumwambia. Si kwamba nilimficha. Halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Jumamosi ile nilikuwa mlangoni mwa duka na mteja wa Morogoro aliyekuwa anachagua vitenge kama anachagua mchumba. Mke wangu akapita kando yangu na mkoba wake begani. Kulikuwa na msiba Tabata, wa mwenzake wa kanisani, na wanawake walikuwa wanakwenda kulala huko.

"Baba, naenda msibani. Napita stoo kwanza nichukue doti mbili za wafiwa."

"Haya."

"Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, mama. Msibani."

"Chakula kipo kwenye hotpoti. Ukila funika, usiniachie nzi."

"Haya."

Hayo ndiyo maneno tuliyosema, sijaongeza wala sijapunguza. Mimi nilisikia msibani. Stoo haikuniingia, kwa sababu mteja wakati ule alikuwa ameshika kitenge cha bluu anauliza kama kinachuja.

Mteja alipoondoka nilikwenda stoo. Wachukuzi walikuwa wamemaliza, wako nje wanakunywa maji. Wakaniambia, "Tayari, mzee." Hawakumwona akiingia, aliingia walipokuwa kwenye gari. Nikachungulia ndani. Marobota yamepangwa. Kimya. Nikazungusha ufunguo, nikavuta geti, nikafunga kufuli ya juu, ya kati, ya chini. Jua lilikuwa bado kali. Nikaenda nyumbani, nikala, nikafunika hotpoti. Nikasikiliza mpira redioni. Nikalala vizuri. Sitasema kwamba moyo ulinienda mbio au niliota kitu. Nililala vizuri.

Jumapili baada ya ibada wanawake wawili wa kanisani wakanifuata uwanjani. Wametoka msibani hivyo hivyo, macho mekundu, kanga mabegani.

"Shikamoo, shemeji," mmoja akasema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

"Mama. Si hakuja jana? Tukajua ile presha imemrudia."

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wangu, umeshatoa funguo mfukoni. Kichwa kilikuwa bado hakijafikiri lolote. Nikatoka pale nikatembea. Sikukimbia. Watu wameniuliza kwa nini sikukimbia, na sijui. Nilitembea kama ninayekwenda kazini, na njiani nilimwitikia mtu salamu.

Nilifungua ya chini, ya kati, ya juu. Nikavuta geti. Swichi nilisahau kuizungusha, basi nilipoweka mguu ndani jicho likaniona mimi. Kataa kekundu kakawaka, na king'ora kikalia juu ya kichwa changu, mtaa mzima, kwa ajili yangu.

Alikuwa pale chini, karibu nimkanyage. Amelalia upande wa kulia. Mdomo umevutwa upande mmoja kama nguo iliyoning'inia kwenye msumari. Jicho moja linanitazama. Mkono wa kushoto ameshika ndala yake. Zile doti mbili alikuwa amezibana kwapani, bado ziko kwenye mfuko wake wa plastiki, hazijachafuka. Paka alikuwa amejikunja kwenye tumbo lake.

Na nyuma yake vumbi la simenti lilikuwa limefagiliwa, mstari mmoja mpana, kuanzia kichochoro cha mwisho mpaka mlangoni. Alitambaa njia ile ile aliyotambaa Mhindi.

Mlinzi akaja anaburuta miguu. "Bosi, paka tena?" Halafu akaona. Akaweka rungu chini. Kisha akasema, na mimi namshukuru kwamba alisema, wengine wangenyamaza: "Mzee, jana jioni nilisikia kitu kinagonga geti. Pole pole. Nikasema ni paka. Nikasema kama ni mtu king'ora kingelia."

Nikamwambia, "Ndiyo. Kingelia."

Tulimbeba sisi wawili kwenye pikapu ya jirani mpaka hospitali kubwa, upande wa Upanga. King'ora nilikiacha kinalia. Niliambiwa kilinyamaza chenyewe, baadaye sana.

Daktari akaniuliza yuko hivi tangu lini. Nikamwambia tangu jana alasiri. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nyumbani. Aliandika. Akasema ni kiharusi, upande wa kulia wote umekufa, na maneno yamekwenda. Akasema mgonjwa wa hivi akiwahishwa, wakati mwingine kinachookolewa ni kingi. Hakusema zaidi ya hapo, na sikumuuliza zaidi. Nikakaa kwenye benchi. Niliwaza kama geti nimelifunga. Mtu anayesema wakati kama ule unawaza mapenzi na ujana wenu, mimi simbishii, lakini mimi niliwaza geti.

Mtaa ukapata maneno yake. Mhindi kauza mtambo feki. Mhindi kamuua mke wa mzee, ingawa hakuwa amekufa. Wateja wakaanza kumpita mlangoni. Alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, miwani mkononi.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Mimi sitawaambia watu. Lakini mke wangu analia, anasema tufunge duka."

"Usifunge."

Kesho yake nilisimama mbele ya duka langu, saa za asubuhi watu wamejaa, nikawaita majirani. Nikawaambia, "Jicho halina kosa. Mhindi alisema tungoje. Tepu niliibandika mimi kwa sababu ya paka. Na kuita niliacha mimi." Walinitazama. Mmoja akasema, "Pole, mzee." Wakarudi kwenye mali zao. Yule jirani aliyeiga tepu yangu nilimwona akiingia stoo kwake na ngazi.

Nilidhani nikishasema vile nitasikia kitu ndani. Wanasema mtu akikiri anapata wepesi. Sikupata wepesi wala uzito. Nilifungua duka nikauza.

Mke wangu alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Binti wa dada yake alikuja kumwogesha na kumlisha, na siku ambazo hakuwepo nilifanya mimi. Nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza bega. Maneno yalianza kurudi moja moja, yamevunjika, kama redio ya mbali. La kwanza lilikuwa "maji". La pili lilikuwa tusi, tukacheka, yeye kwa nusu ya uso.

Alasiri moja, tuko wawili, nimekaa kwenye stuli karibu na kitanda chake namenya chungwa. Akasema, "Kufuli."

"Kufuli gani, mama?"

Akainua vidole vitatu vya mkono wa kushoto. "Nilisikia."

Nikaweka kisu chini.

Ilimchukua muda mrefu kunieleza, na sehemu nyingine nilimalizia mimi naye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanguka kabla sijafika. Aliwasikia wachukuzi kwa mbali. Alinisikia mimi nikisema nao. Ulimi ulikuwa kama si wake, sauti haitoki, lakini mkono wa kushoto ulikuwa unasikia. Akavua ndala. Akaishika tayari. Kando yake kulikuwa na nguzo ya chuma inayoshika dari, akasema moyoni, akiita "Kuna mtu?", akinyamaza kusikiliza, hapo nitagonga. Alijua nitanyamaza. Alijua kabisa muda ninaonyamaza. Nisingesikia ya kwanza, ningesikia ya pili au ya tatu. Hakugonga mapema kwa sababu geti lilikuwa linaburuzwa, akaona atapoteza nguvu. Alingoja kelele ziishe.

"Nikangoja," akasema.

Kisha akasikia kufuli ya juu. Akasikia ya kati.

"Nikasema... si yeye," akasema. "Mchukuzi huyu. Yeye angeita."

Aligonga baadaye, mimi nimeshakwenda. Halafu akaanza kutambaa.

Nilikuwa na nafasi pale. Angeweza kubaki anaamini ni mchukuzi aliyefunga, na hakuna mtu angemwambia vingine, maana ya mtaani hayakuwa yanamfikia kitandani. Nilifikiria hilo, sitasema sikulifikiria. Lilikuwa rahisi kama kuitikia kwa kichwa.

"Ni mimi niliyefunga," nikamwambia. "Nilikuwa nimeacha kuita."

Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoziba jicho lisimwone paka. Nilisema kama kuna mtu litasema. Likawa haliwezi kuona aliye chini. Nililifanya mimi hivyo."

Akageuza uso ukutani. Nilikaa. Lile chungwa nilikuwa nimelishika, limemenywa nusu, maji yake yananichuruzika kwenye mkono mpaka kiwikoni. Nilingoja anitukane, tusi alikuwa analiweza. Nje mtu alikuwa anatembeza mkaa, anapita na sauti yake, akafika mwisho wa mtaa, sauti ikaisha. Bado alikuwa ameangalia ukuta.

Halafu akasema, bila kugeuka, "Chai."

Binti hakuwepo. Miaka yote ile ya ndoa yetu sikuwahi kupika chai, wala sikujua majani yanakaa wapi. Nikatafuta, nikayaona kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikateleka maji. Nikarudi mlangoni mwa chumba na lile kopo.

"Majani kiasi gani?"

Akageuka. Akainua vidole viwili.

"Vijiko viwili?"

Akatikisa kichwa. Akabananisha kidole gumba na cha shahada, akanionyesha: hivi, mara mbili. Nikarudi jikoni, nikafanya alivyonionyesha, nikasimama pale naangalia maji mpaka yakabadilika rangi.